Dami yenye mwili wako

Ndugu washonaji, karibuni. Leo kila meza ina watu wanne, na kila meza itaunda dami moja, yaani sanamu ya kiwiliwili ya kupimishia nguo, kwa kumfunga mtu tepu ya gundi juu ya fulana, kulikata ganda hilo na kulijaza pamba. Kabla hatujagusa tepu, naomba mnisikilize vizuri, maana dami nyingi za nyumbani huharibika mahali palepale: hufungwa vizuri mwilini, zikatoka zinapendeza, kisha zikaharibiwa wakati wa kujazwa. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tuelewane kwanza kwa nini tunajisumbua. Dami ya dukani hutengenezwa kwa namba. Hata ile yenye vifundo vya kuzungusha, unachopanua ni mzunguko tu. Vipande vinaachana, panabaki nyufa, na mabega hubaki yaleyale ya kiwandani. Sasa chukua watu wawili wenye kifua cha sentimita 96. Mmoja ana mgongo mpana na matiti madogo, mwingine ana mgongo mwembamba na matiti makubwa. Futi inawasoma sawa, lakini blauzi ikimkaa mmoja vizuri haitamkaa mwenzake. Bega moja lililoshuka, mgongo uliopinda kidogo juu, tumbo lililo mbele kuliko kifua: hivyo ndivyo vinavyoharibu nguo, na hakuna hata kimoja kinachoandikwa kwenye jedwali la saizi. Dami ya kufungwa mwilini huvinakili vyote.

Na hakuna anayeweza kujifunga mwenyewe. Ukigeuka kufikia mgongo, umeshaupinda. Ukiinama kuangalia kiuno, tumbo limekunjika. Kwa hiyo kazi inagawanywa hivi: mmoja anasimama, wawili wanafunga, mmoja kushoto na mmoja kulia, wakipanda sambamba, wa nne anakata tepu, anaandika vipimo na kumwangalia usoni anayefungwa. Wafungaji wawili wanahitajika kwa sababu mmoja akizunguka peke yake, tepu yote inavuta upande mmoja, na dami inatoka imejisokota, mstari wa katikati ukaenda kiunoni ukiwa umehama.

Vifaa. Tepu tunayotumia ni ile pana ya kitambaa yenye gundi, upana wa sentimita 5, msokoto wa mita 50. Kiwiliwili cha mtu wa wastani, kutoka shingoni hadi chini ya makalio, kina eneo la karibu mita mraba 0.8. Tabaka moja, kila kipande kikipanda juu ya mwenzake kwa theluthi, linakula kama mita 24. Tunaweka matabaka matatu, basi ni mita 72, nanyi mtapoteza kiasi kwenye vipande vilivyojikunja. Misokoto miwili inatosha; kwa mwili mkubwa andaeni mitatu. Msinunue ile nyembamba ya plastiki ya kufungia maboksi: inanyumbuka, haishiki mikunjo, na dami inalegea.

Mengine ni fulana ya zamani inayobana, ndefu hadi kupita makalio, nailoni ya jikoni ya kufungia chakula, kwa shingo na mapaja, mkasi wa kukatia bendeji wenye ncha butu, maka peni, timazi, au uzi tu uliofungwa kitu kizito, lastiki nyembamba, rula ndefu ya kusimama sakafuni, mbao mbili zilizonyooka, na kadibodi ngumu. Mkasi wa kukatia vitambaa uwekeni mbali kabisa. Gundi ya tepu ikishaingia kwenye makali, mkasi huo hautakata kitambaa vizuri mpaka usafishwe kwa spiriti, na karatasi na kadibodi humaliza makali yenyewe.

Anayefungwa avae sidiria atakayoivaa chini ya nguo zenyewe. Jambo hili hupuuzwa, na ndilo linaloshusha au kupandisha kifua kwa sentimita mbili au tatu. Kama nguo zake huvaliwa na viatu vyenye kisigino, asimame navyo, maana kisigino huinua makalio na kusukuma kiuno mbele. Aende haja kwanza, anywe maji, awe amekula.

Kisha vipimo, kabla ya tepu, juu ya fulana: kifua, chini ya kifua, kiuno, makalio, bega hadi bega, bega hadi ncha ya titi, ncha hadi ncha, kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kiunoni, kutoka bega mbele hadi kiunoni, kiuno hadi sakafuni mbele, ubavuni na nyuma. Hivyo mnavijua. Ongezeni viwili ambavyo wengi hawavichukui: upana na kina. Msimamisheni mtu kati ya mbao mbili zilizosimama wima, zigusane naye kushoto na kulia usawa wa kiuno bila kumbana, mpime nafasi iliyo kati yao. Halafu mbele na nyuma. Rudieni usawa wa makalio. Mtapata, tuseme, kiuno chenye upana wa sentimita 27 na kina cha 20. Andikeni kwa herufi kubwa, tutavihitaji baadaye kuliko kipimo kingine chochote.

Sasa kufunga. Lastiki ifungwe kiunoni juu ya fulana, itulie pale mwili unapoikubali wenyewe baada ya kuinama kushoto na kulia. Mtu asimame miguu ikiwa imeachana upana wa nyonga, magoti yamelegea, macho mbele. Mikono aiachanishe na mwili kidogo tu, ashikilie miti miwili ya ufagio iliyosimamishwa pembeni. Akiinua mikono juu, mabega yatapanda, na dami itabaki na mabega yaliyopanda.

Tabaka la kwanza ndilo lenye umbo. Katieni vipande vifupi, sentimita 20 hadi 30. Kuzungusha msokoto mwilini kama bendeji ni kosa kubwa, maana kila mzunguko unabana zaidi ya uliotangulia, nyama inasukumwa juu na chini, na kiuno kinatoka chembamba kuliko cha mwenyewe. Kipande kinalazwa, hakivutwi. Anzeni chini ya kifua, mzunguko mmoja wa vipande vilivyogusana. Kisha vipande viwili kutoka hapo vipite katikati ya matiti kwenda mabegani, vikikatana kwa umbo la X. Juu ya matiti tumieni vipande vya sentimita 8 hadi 10, vikianzia nchani na kutawanyika kama miale ya jua. Kipande kirefu hapa kitaruka kutoka titi hadi titi, na dami itatoka na kifua bapa kisichomfaa mtu yeyote.

Kiunoni pana ugumu wake. Pale mwili unaingia ndani kwa pande mbili kwa wakati mmoja, ukizunguka na pia ukishuka, na tepu haipindi pande mbili. Vipande viwe vifupi, na kingo zikatwe vijino vidogo ili zilale. Mgongoni vilevile: bonde la uti wa mgongo juu ya makalio hujazwa hewa kama mkipitisha tepu ya mlalo kutoka ubavu hadi ubavu. Wekeni kwanza vipande vya wima ndani ya bonde, mvisukume kwa vidole, ndipo mfunike kwa mlalo. Gongeni kwa kidole: sauti ya utupu maana yake tepu imeruka, kateni hapo na kurudia.

Kwenye mbavu mwambieni avute pumzi kubwa na kuishika wakati kipande kinalazwa. Kila baada ya dakika chache aulizwe kama anapumua vizuri. Shingoni, juu ya nailoni, vidole viwili viweze kupita. Tepu isiguse ngozi mahali popote.

Tabaka la pili liende wima, la tatu mshazari. Matabaka yanayokatana ndiyo yanayoipa dami ugumu. Matatu ya mlalo yote yatajikunja kiunoni kama bomba. Kazi yote ikimbizwe ndani ya saa moja na nusu. Na hapa naomba wa nne asiwe mtu wa kuongea na simu. Mtu aliyesimama bila kusogea, huku amefunikwa na jasho halina pa kwenda, damu humtuama miguuni. Akianza kupauka, kutoka jasho baridi, kusikia kichefuchefu au kelele masikioni, hakuna kusubiri tabaka liishe: kateni mara moja, alale chini, miguu iinuliwe. Tepu mpya hupatikana. Mjamzito, mwenye pumu au mwenye mazoea ya kuzimia asifungwe kwa njia hii.

Kabla ya kukata, alama. Hii ni kazi ya dakika kumi, na dami isiyo na alama ni nusu dami. Lastiki ya kiunoni inaonekana kama tuta dogo chini ya tepu. Pitisheni maka peni juu yake. Timazi ishuke kutoka kishimo cha koo, mchore mstari wa katikati mbele. Ishuke tena kutoka mfupa wa shingo, mchore katikati nyuma. Mistari ya kifua na makalio ichorwe kwa rula inayosimama sakafuni: rula inatembezwa kuzunguka mtu, mtu hageuki. Ukingo wa chini uchorwe hivyohivyo, na urefu wake kutoka sakafuni uandikwe. Chora shingo kwa kumvalisha mkufu mwembamba na kufuata ulipolala. Chora mshono wa bega na duara la kwapa.

Kisha, kukatiza mstari wa katikati nyuma, wekeni vistari vya mlalo kila sentimita 5, vyenye namba. Bila vistari hivyo pande mbili zitaungwa zikiwa zimepishana, na bega moja litapanda ambalo kwa mwenyewe halikupanda.

Mkasi uingie chini nyuma na kupanda juu, ukikata tepu na fulana pamoja, kidole cha mkataji kikitangulia kati ya fulana na mwili. Mkifika kwenye mkanda wa sidiria, ncha ipite juu yake. Mtu ateleze kutoka kama anayevua koti alilovaa kinyumenyume, na wasaidizi washike mabega ya dami yasikunjike. Mkunjo ukiingia begani hautoki tena. Iungeni palepale, vistari kwa vistari, mkianzia kiunoni kwenda juu na chini, tepu nje na tepu ndani.

Sasa tufike kwenye kujaza.

Mkiipima dami hii tupu, mtaikuta kubwa kuliko mwenyewe, na hesabu yake iko wazi. Tepu moja ina unene wa karibu robo milimita. Matabaka matatu yanayopandana kwa theluthi yanafika kama milimita 1.1. Fulana ni kama milimita 0.6. Jumla 1.7. Unene wowote unaozunguka mwili huongeza mzunguko kwa mara 6.28 ya unene huo, kwa hiyo mnapata karibu sentimita 1.1 za ziada. Mkiivalisha kitambaa cha kufunika, inafika sentimita 1 na nusu. Mahali penye nyama laini tepu hubana kidogo na kurudisha sehemu ya ziada hiyo, ndiyo maana tunapima kwanza ndipo tuamue. Kama imezidi, msiitoe yote nyuma, mgongo utakuwa mwembamba. Kateni pia mistari ya ubavuni, mpunguze milimita 3 hadi 5 kila mshono, muunge tena.

Hatari kubwa zaidi ni pamba. Mzunguko uleule unaweza kuwa duara au yai, na duara ndilo lenye nafasi kubwa zaidi ndani. Ukisukuma pamba kwa nguvu, ganda linakimbilia kwenye duara. Futi itakuambia kiuno ni sentimita 74 kama mwenyewe, nawe utafurahi, lakini upana umepungua, kina kimeongezeka, tumbo na mgongo vimefura. Sketi uliyoipima hapo itamwachia mwenyewe nafasi tumboni na kumbana ubavuni, na utaitafuta sababu kwenye mchoro wa kukatia wakati iko ndani ya dami.

Dawa yake ni vile vipimo vya upana na kina. Kateni mayai mawili ya kadibodi, moja la kiuno na moja la makalio, kila moja lipungue milimita 3 kuzunguka kwa ajili ya unene. Katikati wekeni tundu la mti wa kusimamishia. Gundisheni tabaka mbili au tatu za kadibodi, nyuzi zake zikikatana, zisipinde. La makalio likae chini kama sakafu ya dami, la kiuno lishikiliwe kwa tepu usawa wa mstari wa kiuno. Umbo likishashikwa na kadibodi, pamba inabaki na kazi ya kuegemea tu.

Utaratibu ni huu: pitisheni mti, wenye hanga ya mbao iliyofungwa juu yake kwa skrubu. Hanga ikatwe iwe fupi kwa sentimita 1 kila upande kuliko bega, isitoboe. Iguse mabega kwa ndani bila kuyainua. Jazeni kuanzia juu kwenda chini, mabega na kifua kwanza, kwa vibonge vidogo vilivyochambuliwa. Bonge kubwa linaacha uvimbe unaoonekana nje. Pamba ya mito ya kilo 2 hadi 3 inatosha. Kila mkijaza kiganja kimoja cha kina, simameni, pimeni. Kiuno kisizidi nusu sentimita kutoka kwenye karatasi yenu, vingine sentimita 1. Ubonyezwapo kwa kidole gumba, mwili wa dami ubonyee kidogo na kurudi. Funikeni shingo na kwapa kwa kadibodi na tepu.

Simamisheni kwenye kitako chenye upana usiopungua sentimita 45. Mstari wa kiuno uwe na urefu uleule kutoka sakafuni uliouandika, mbele, ubavuni na nyuma. Ikitofautiana, dami imeinama. Rekebisheni mti, msirekebishe mstari. Hapo ndipo upindo wa sketi utakapoweza kupimwa bila mtu kusimama.

Kuna njia ya karatasi, nami naipendelea kwa wanaoishi kwenye joto kali. Ni tepu ya karatasi ya kaki yenye gundi inayoamshwa kwa maji. Si jambo geni: nyumba ya Stockman ya Paris, iliyoanza 1867, ilijenga jina lake kwa dami za karatasi iliyogandishwa. Gundi ya tepu ya kitambaa hulainika kwenye joto, matabaka yakateleza taratibu, na dami iliyowekwa dirishani hushuka kifua na kutoa unata. Karatasi haifanyi hivyo. Kateni vipande vya sentimita 15, vilowesheni kwa sponji, visilowe chapachapa, matabaka matatu hadi manne. Lakini ni polepole, mtu huhisi baridi, na ikivuliwa haijakauka bado. Ijazwe magazeti kidogo na kuachwa siku nzima, la sivyo itajikunja. Ikikauka, ipakwe vanishi. Pini haziingii moja kwa moja, zinachomekwa kwa mshazari.

Wengine hupendekeza povu la kupulizia badala ya pamba. Siwashauri. Povu hupanuka kwa nguvu inayosukuma ganda, na mvuke wake unadhuru mapafu. Kulipulizia ganda lililo mwilini mwa mtu ni marufuku kabisa.

Kifuniko ndicho kitakachopita kwenye cherehani. Kitambaa cha kunyumbulika, mita moja na nusu, vipande viwili, mbele na nyuma. Wekeni sindano ya ncha butu ya namba 75 au 80, maana ile ya kawaida hutoboa nyuzi badala ya kuzisukuma pembeni, na cherehani inaruka mishono. Urefu wa mshono milimita 2.5, zigizaga nyembamba ya nusu hadi milimita 1 ili mshono unyumbuke pamoja na kitambaa. Kitambaa kikitoka na mawimbi, punguzeni mkandamizo wa mguu wa cherehani, msikivute kwa mkono. Nyuma fungeni kwa mkono. Msiweke sponji chini ya kifuniko kwa ajili ya pini: milimita 3 za sponji zinaongeza karibu sentimita 1.9. Msishone tepu yenyewe kwa cherehani, gundi hupanda kwenye sindano na uzi hukatika. Pini zikinata zipanguseni kwa spiriti. Pasi ya moto isiguse dami hata kidogo.

Jambo la mwisho kabla hamjaanza: dami ni mwili mtupu, haina nafasi ya kupumua. Blauzi ya kitambaa kisichonyumbulika bado inahitaji sentimita 5 hadi 8 za nafasi kifuani. Mkishona kwa kuibana dami, mtapata nguo inayopendeza kwenye mti na isiyofungika kwa mwenyewe. Pimeni upya kila mwili unapobadilika. Ukiongezeka, ongezeni pamba bapa iliyotandazwa kama shuka juu ya dami mahali palipoongezeka, chini ya kifuniko. Ukipungua zaidi ya sentimita 3, fungeni nyingine.

Wa nne kila meza, anza kukata vipande: ishirini vifupi vya kifua, sitini vya sentimita 25, vining'inizwe ukingoni mwa meza. Wanaofungwa, nendeni mkavae fulana.